Wazo la Riwaya Huzaliwa Wapi? Somo kutoka Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Tarehe 5 Februari, 1915, meli ya Kijerumani iliyoitwa Graf von Götzen ilishushwa majini mjini Kigoma. Meli hiyo ilikuwa imeundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani. Baada ya kukamilika ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni ya Reli ya Kati na hatimaye ikaunganishwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka 20 baadaye, mwaka 1935, mwandishi wa Uingereza C. S. Forester alichapisha riwaya ya The African Queen, ambayo ndani yake mna meli ya kivita ya Kijerumani inayotawala ziwa moja kubwa la Afrika ya Kati. Mwaka 1951 riwaya hiyo ilitengenezewa filamu iliyotazamwa duniani kote.

Meli iliyohusishwa na riwaya hiyo ndiyo wakazi wa Kigoma wanayoifahamu leo kwa jina la MV Liemba.

Wengi wanaotamani kuandika riwaya huuliza swali moja: mwandishi hupata wapi kisa chake? Wapo wanaodhani kuwa wazo la riwaya humshukia mwandishi ghafla, na kwamba asiyeshukiwa hana budi kuacha kalamu. Historia ya vitabu vilivyochimbuka katika mwambao wa Ziwa Tanganyika inaonyesha jambo tofauti. Wazo la riwaya huanza na kitu kidogo cha kweli, kama vile meli, jina lililotajwa mara chache katika shajara, au mzee anayevuka barabara. Kitu hicho huwa wazo pale mwandishi anapokiuliza swali ambalo kumbukumbu zilizopo hazikulijibu.

Makala haya yanaeleza namna hatua hiyo inavyofanyika, kwa kutumia mifano ya vitabu vinavyohusiana na Kigoma na Ujiji, na namna mwandishi chipukizi anavyoweza kulikuza wazo lake hadi likawa kisa kamili.

Meli moja, riwaya mbili

Ili kuelewa kazi ya mwandishi wa riwaya, ni vyema kwanza kutazama tukio lenyewe lilivyokuwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa na nguvu kubwa katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walituma boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa meli hadi Afrika Kusini, kisha kwa reli na kwa kukokotwa nchi kavu kupitia Kongo hadi ufukwe wa magharibi wa ziwa. Msafara huo uliongozwa na Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai, 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake grisi nyingi ili zisiharibiwe na maji.

Forester hakuyaandika hayo kama yalivyotokea. Ziwa alilipa jina la kubuni, na meli ya Kijerumani akaiita Königin Luise. Hakuweka jeshi mbele ya kisa. Badala yake aliwaweka watu wawili wasiotarajiwa: Rose Sayer, dada wa mmisionari aliyefariki, na Charlie Allnutt, fundi wa boti iliyochakaa. Hao wawili wanaamua kushuka mto hatari ili waishambulie meli hiyo kubwa. Kwa maneno mengine, mwandishi aliichukua hali ya kweli, yaani chombo kikubwa kilichotawala ziwa na vyombo vidogo vilivyothubutu kukikabili, kisha akaihamishia katika maisha ya watu wawili ambao msomaji anaweza kuwahurumia, kuwacheka na kuwaombea mema.

Mwaka 2007 mwandishi wa Uswisi, Alex Capus, alichapisha kwa Kijerumani riwaya nyingine kuhusu meli ileile, iitwayo Eine Frage der Zeit. Swali lake lilikuwa jingine kabisa. Capus aliwatazama mafundi watatu wa Papenburg waliotumwa kuja kuiunganisha meli hiyo Kigoma, yaani Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Alitaka kujua fundi wa kawaida hupatwa na nini anapokwenda kufanya kazi ya mikono yake mbali na nyumbani, kisha vita vikamkuta hukohuko na chombo alichokijenga kikageuzwa silaha.

Mifano hiyo miwili inabeba somo la kwanza. Kitu kimoja kinaweza kuzaa riwaya nyingi, kwa sababu riwaya haitokani na kitu chenyewe bali na swali analokiuliza mwandishi. Ndiyo maana si sahihi kusema kuwa kisa fulani kimekwisha kuandikwa. Kuhusu Liemba peke yake, yapo maswali ambayo bado yanangoja. Vitabu vimehifadhi majina ya mafundi watatu wa Kijerumani, lakini makasha 5,000 hayakubebwa, hayakufunguliwa wala hayakuunganishwa na mikono sita. Walikuwapo Waafrika waliobeba mabati, waliopiga ribiti na waliokata kuni za kulisha tanuri za meli. Mmoja wao alirudi nyumbani jioni akamwambia mkewe nini kuhusu kazi aliyokuwa akifanya? Alijisikiaje mwaka 1916 alipoona kazi hiyo inapelekwa chini ya maji?

Vilevile, maisha ya meli hiyo hayakuishia vitani. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza tena kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo kwa upande wa kusini. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, mahindi, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na bandari za kusini mwa ziwa. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya raia wa Burundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga mpakani, Liemba ilitumika kuwavusha hadi Kigoma. Meli iliyogeuzwa silaha ya vita imeokoa watu waliokimbia machafuko miaka 100 baadaye. Mwandishi anayetafuta wazo hahitaji kuongeza chumvi katika jambo hilo. Linalohitajika ni abiria mmoja ambaye msomaji atamfuata kutoka ufukwe hadi ufukwe.

Jikoni kwa Dk. Livingstone

Ujiji, mji mkongwe ulio kilomita chache kutoka Kigoma mjini, unafahamika zaidi kwa tukio la mwaka 1871, pale mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokutana na mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Wageni wengi wanaofika katika makumbusho yaliyojengwa mahali hapo huja kwa ajili ya majina hayo mawili. Hata hivyo, riwaya muhimu iliyoandikwa katika miaka ya karibuni kuhusu msafara wa Livingstone haikuanza na jina lolote kati ya hayo.

Katika kitabu chake cha safari, Stanley alimtaja kwa muda mfupi Halima, mpishi wa Livingstone, aliyekuwa akihangaika jikoni kuandaa chakula cha mgeni asiyetarajiwa. Livingstone naye alimtaja katika maandishi yake. Kwa wasomaji wengi Halima alikuwa mtu wa kupita, anayeonekana mlangoni na kutoweka. Mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alimwona kwa jicho jingine. Mwaka 2019 alichapisha riwaya ya Out of Darkness, Shining Light, ambayo Halima ni mmoja wa wasimulizi wake wakuu.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Wafuasi wake Waafrika waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Gappah alijiuliza ni kwa nini watu hao walikubali mzigo huo, walizungumza nini njiani, na nani kati yao alipinga. Msimulizi wake wa pili ni Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari nchini India. Halima anasimulia kwa ulimi mwepesi wa mwanamke aliyeona mengi, mwenye umbea, dhihaka na akili. Wainwright anasimulia kwa maandishi ya mtu mcha Mungu anayejiona bora kuliko wenzake. Safari ni moja, lakini msomaji anapokea visa viwili.

Hapa somo la pili linajitokeza. Wazo zuri mara nyingi limo pembezoni mwa habari iliyokwisha kujulikana. Mwandishi anaposoma kumbukumbu za zamani, anafaidika zaidi akitafuta mtu aliyetajwa mara moja tu, kisha akajiuliza mtu huyo alikuwa anajua nini ambacho wakubwa wa msafara hawakukijua. Mpishi anajua nani hakula. Mpagazi anajua uzito wa mzigo. Mkalimani anajua ni maneno gani aliyaacha bila kuyatafsiri. Nafasi ya mtu katika tukio ndiyo inayoamua kisa kitakavyosikika, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa msimulizi ni sehemu ya wazo lenyewe.

Swali la mwana kwa baba

Mfano wa tatu unamhusu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Gurnah amewahi kueleza kuwa chimbuko la riwaya yake ya Paradise, iliyochapishwa mwaka 1994, lilikuwa ziara ya kurudi Zanzibar mwaka 1984, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza. Alimwona baba yake, akiwa mzee, akivuka barabara kwenda msikitini. Akawaza kwamba mzee huyo alikuwa mtoto wakati utawala wa kikoloni ulipokuwa ukikita mizizi, na akajiuliza mtoto wa enzi hizo aliuonaje ujio wa wageni walioitwaa nchi.

Jambo lililoonekana lilikuwa la dakika moja. Riwaya ilichapishwa miaka 10 baadaye. Katikati ya nyakati hizo mbili palikuwa na kazi. Gurnah alisafiri tena Afrika Mashariki, na wahakiki wameonyesha namna riwaya yake inavyozungumza na simulizi za Kiswahili za misafara ya karne ya 19. Miongoni mwazo ni wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliouandika mwenyewe kwa Kiswahili, na mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, wenye simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara. Misafara hiyo ilipita njia kuu ya pembe na watumwa iliyounganisha Ujiji na Bagamoyo. Njia hiyo imo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inapendekeza yaingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Tofauti kati ya simulizi hizo na riwaya ni kubwa. Tippu Tip na Chande waliandika kama wafanyabiashara wanaohesabu faida, hasara na hatari za njiani. Gurnah alimweka katikati Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayekabidhiwa kwa tajiri Aziz kama rehani ya deni la baba yake. Yusuf anakwenda na msafara hadi ng'ambo ya ziwa bila kuwa na mali wala sauti katika biashara hiyo. Msomaji anayeona misafara kwa macho ya mtoto aliyewekwa rehani hawezi tena kuisoma hesabu ya mfanyabiashara kama alivyoisoma mwanzo.

Mwaka 2022 riwaya hiyo ilichapishwa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kisa kilichochota katika simulizi za Kiswahili kilikwenda kwa Kiingereza, kikarudi kwa wenyewe baada ya miaka 28.

Kutoka wazo hadi kisa

Wazo bado si riwaya. Wapo waandishi wengi wenye madaftari yaliyojaa mawazo mazuri ambayo hayakufika ukurasa wa kumi. Mifano iliyotangulia inaonyesha hatua zinazoweza kufuatwa, na namna bora ya kuzieleza ni kuchukua jambo moja la Kigoma ya leo na kulikuza hatua kwa hatua.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, ambazo ni Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Hiyo ni habari. Ina tarehe, sababu na wahusika wa kiserikali, lakini bado haina mtu.

Hatua ya kwanza ni kumpata mtu huyo. Mwandishi anaweza kumbuni mwanamke mjane wa mwalo wa Kibirizi, ambaye maisha yake yote hutegemea kununua dagaa alfajiri, kuwaanika na kuwauza. Mtu wa aina hiyo anaguswa na kila siku ya miezi hiyo mitatu.

Hatua ya pili ni kujua mtu huyo anataka nini na nini kinamzuia. Ikiwa anataka tu maisha bora, kisa hakitasogea, kwa kuwa kila mtu anataka hivyo. Lakini kama alikopa fedha katika kikundi cha VICOBA wiki mbili kabla ya ziwa kufungwa, na marejesho yanatakiwa kabla halijafunguliwa, msomaji ameshajua siku ya hukumu. Mwandishi akiongeza kuwa wadhamini wa mkopo huo ni majirani zake, deni linageuka kuwa jambo la heshima.

Hatua ya tatu ni kumweka mtu huyo mahali pa kuchagua. Tuseme mwanawe wa kiume anamwambia kuwa yupo mwenye boti anayetafuta vijana wa kwenda kuvua usiku kwa siri. Mama akinyamaza, mkopo utalipika na mwanawe anaweza kukamatwa. Akikataa, majirani watalipa deni lake. Matukio mengi hayatoshi kuwa riwaya ikiwa mhusika hakuchagua lolote. Msomaji huendelea kufungua kurasa ili aone mtu anachagua nini, na gharama ya uchaguzi huo anailipa nani.

Hatua ya nne, ambayo waandishi wengi chipukizi huiruka, ni kumpa kila mhusika hoja yake. Kisa kinachosema tu kuwa sheria ni nzuri kinakuwa tangazo. Kinachosema tu kuwa sheria ni mbaya kinakuwa malalamiko. Riwaya humruhusu ofisa uvuvi kueleza kwa nini ziwa linahitaji kupumzika, ikampa mvuvi mzee kumbukumbu ya miaka ambayo nyavu zilikuwa zikijaa karibu na ufukwe, na ikampa kijana njaa yake ya leo. Mjane anawasikia wote watatu na anaona kuwa kila mmoja ana ukweli wake. Hapo ndipo uamuzi wake unapokuwa mgumu, na hapo ndipo msomaji anapoanza kujiuliza yeye angefanya nini.

Hatua ya tano ni kuchagua nani asimulie na kisa kianzie wapi. Kisa hichohicho kikisimuliwa na binti mdogo wa mjane, anayesikia mazungumzo ya usiku bila kuyaelewa yote, kitakuwa riwaya nyingine. Kikianzia siku ya kukopa, kitakwenda polepole. Kikianzia usiku ambao kitanda cha kijana kimekutwa kitupu, msomaji ataingia na wasiwasi tangu ukurasa wa kwanza, na mambo ya mkopo atayajua baadaye. Hakuna kanuni moja inayofaa kwa kila kitabu. Mwandishi makini huandika mwanzo zaidi ya mmoja, kisha akachagua.

Hatua ya mwisho ni kuandika rasimu hadi mwisho, kuiweka kando, kuirudia na kuikata. Katika kurudia huko, mwandishi mara nyingi hugundua kuwa wazo lake la kweli halikuwa lile aliloanza nalo. Huenda alidhani anaandika kuhusu uvuvi, kumbe anaandika kuhusu mama anayejua kuwa ukimya wake ni jibu.

Mahali pa kutafutia

Mwandishi anayeishi Kigoma, au anayetaka kuandika kuhusu Kigoma, ana vyanzo vya aina tatu. Cha kwanza ni nyaraka. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam inahifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Mkusanyiko wa East Africana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao una vitabu na machapisho adimu ya eneo hili. Mwandishi asizisome nyaraka hizo kwa ajili ya tarehe pekee. Orodha ya mishahara, barua ya malalamiko au hesabu ya mizigo inaweza kuwa na jina la Halima mwingine.

Chanzo cha pili ni mahali penyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina. Takwimu hizo ni muhimu, lakini riwaya inahitaji pia yale ambayo takwimu haziyaoni: taa za wavuvi wa dagaa usiku usio na mbalamwezi, harufu ya vichanja vya kuanikia samaki, milima ya Kongo inayoonekana ng'ambo siku ya anga safi na kutoweka siku nyingine. Forester na Gurnah waliandika katika lugha ya mbali na wasomaji wa mbali. Mwandishi anayeamka kila siku kando ya ziwa ana mtaji ambao wao iliwabidi kuusafiria au kuubuni.

Chanzo cha tatu, na kilicho katika hatari zaidi, ni kumbukumbu za watu. Ujiji ni mji wa Waha, Wajiji, Wamanyema, Wabembe na watu wa asili nyingine nyingi ambao mababu zao waliletwa pamoja na misafara, biashara, utumwa na vita. Katika familia hizo yamo masimulizi ambayo hayamo katika jalada lolote. Yapo ya babu aliyefika kama mpagazi akabaki, ya bibi aliyebadilishwa jina, na ya jamaa waliovuka ziwa usiku. Nyaraka zinaweza kungoja katika masanduku kwa miaka 100. Mzee wa miaka 90 hawezi kungoja. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi sauti ya bibi yake mwishoni mwa juma hili, na huo ukawa mwanzo wa kitabu.

Pamoja na hayo, uhuru wa kubuni una mipaka yake. Mwandishi anayechukua simulizi ya familia anapaswa kuomba ruhusa, kubadilisha majina, na kuepuka kuanika siri inayoweza kumwumiza mtu aliye hai. Kuhusu utumwa, ambao athari zake bado zinagusa heshima ya baadhi ya koo, tahadhari hiyo ni wajibu. Mtu anayemwamini mwandishi akampa simulizi yake amempa amana.

Nafasi ya Kiswahili

Yawezekana mtu akauliza iwapo kisa cha mwalo mmoja au kijiji kimoja kinaweza kubeba riwaya ya kitaifa. Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulijibu swali hilo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, alikifanya kijiji cha Namagondo kuwa mandhari ya Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971 ambayo imesomwa na vizazi kadhaa. Adam Shafi alichukua mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948 akaandika Kuli. Kigoma nayo imemtoa Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, mwandishi wa Dar es Salaam Usiku na muumbaji wa mpelelezi Joram Kiango, ambaye riwaya zake ziliwafundisha maelfu ya vijana mazoea ya kusoma.

Hata hivyo, riwaya zinazojulikana zaidi duniani kuhusu meli ya Kigoma, kuhusu jiko la Ujiji na kuhusu misafara ya ng'ambo ya ziwa ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kijerumani. Waandishi wake walifanya kazi yao vyema, na wala hawakumzuia mtu mwingine kuandika. Lakini lugha huja na sikio lake. Mpagazi, mpishi na mjane wa Kibirizi walioandikwa kwa Kiswahili watatania, watakwepa swali na watatoa heshima kwa namna ambayo lugha nyingine italazimika kuieleza.

Fursa za kufikisha kazi kwa wasomaji nazo zimeongezeka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 na ina kipengele cha riwaya, ambapo mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Ipo pia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inayopokea miswada ya waandishi wa Kiswahili kutoka nchi mbalimbali. Mwandishi anashauriwa kusoma masharti ya kila tuzo, kuhifadhi nakala za muswada wake, na kufuatilia taratibu za Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ili kazi yake ilindwe.

Tuzo, hata hivyo, huja baada ya muswada, na muswada huja baada ya swali. Kwa mwandishi wa Kigoma, maswali yako karibu. Nani alipiga ribiti za Liemba? Halima alizaliwa wapi, na kwao walimwita nani? Mama wa Kibirizi alimjibu nini mwanawe usiku ule? Kumbukumbu zilizoandikwa hazina majibu ya maswali hayo. Baadhi ya wazee wa Ujiji wanaweza kuwa na sehemu ya majibu, na sehemu iliyobaki ni kazi ya mwandishi.